Umejuaje? Kutoka Macho Mekundu hadi Swali la Mungu



Vijana wenzangu, leo tuingie kidogo kwenye falsafa. Usikimbie. Falsafa ninayoisema hapa inaanza na swali ambalo unaulizwa hata sokoni: umejuaje?

Nilikulia kijijini huku Bariadi, enzi hizo bado tuko mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mwenye macho mekundu. Sisi watoto tukimwona tunakimbia. Hakuna aliyetufundisha, ila kila mtu "alijua" kwamba macho mekundu ni ya mchawi. Mwaka mmoja mtoto wa mji wa pili akafariki, watu wakaenda kupiga ramli, na mganga akaelekeza kidole upande wa nyumba ya bibi. Usiku uleule wanawe wakamhamisha kwa ndugu zao wa mbali. Hakurudi tena. Na huyo alikuwa na bahati, maana mnafahamu vikongwe wangapi Usukumani wamekatwa mapanga kwa sababu hiyohiyo.

Macho yalikuwa mekundu kwa nini? Moshi. Bibi alipika maisha yake yote kwenye mafiga, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, na kuni zikiadimika alichoma mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mama yangu mzazi leo macho yake yanaelekea hukohuko.

Sasa tazama. Kijiji kizima kilikuwa na uhakika, na kijiji kizima kilikosea. Kumbe kuwa na uhakika si sawa na kuwa na ukweli. Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza ukweli kuwa ni akili kulingana na kitu kilivyo. Kitu ndicho kinachotangulia, akili inakifuata. Watu mia wakikubaliana juu ya bibi, moshi unabaki moshi. Ndiyo maana wanafalsafa wengi wamesema kwamba ili mtu ajue jambo anahitaji mambo matatu: alisadiki, liwe kweli, na awe na sababu nzuri ya kulisadiki. Kijiji chetu kilikuwa na la kwanza tu. (Na hata mganga akipatia siku moja kwa kubahatisha, bado hajajua. Ameotea.)

Siku hizi nasikia sana vijana wakisema "kila mtu na ukweli wake". Inasikika kama upole. Lakini hebu jaribu kumweleza yule bibi kwamba yeye ana ukweli wake na aliyeshika panga naye ana wa kwake.

Nilikuwa nikifundisha haya kwenye semina ya vijana parokiani, nikajiona nimemaliza. Kijana mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono: "Kaka, ramli mnaikataa kwa kuwa haina ushahidi. Sawa. Na Mungu je, umemjuaje? Si na ninyi mliambiwa tu?"

Ukumbi ukanyamaza. Mzee mmoja nyuma akaguna. Nakiri kwenu, ulimi ulikuwa tayari kusema "mambo ya imani hayahojiwi". Nikakumbuka kwamba ndilo jibu nililopewa utotoni nilipouliza habari za bibi.

Kwa hiyo nilimjibu hivi. Swali lake ni halali, na Kanisa lenyewe linalikubali. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba akili ya mwanadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe, kama Paulo anavyosema katika Warumi 1:20. Wazee wetu Wasukuma walimwita Liwelelo, na Seba, bila kusubiri shule ya misheni. Ila Katekisimu, namba 31, inatuonya kwamba hoja hizi si vithibitisho vya aina ya maabara. Hutamkuta Mungu kwenye darubini, kwa sababu yeye si kitu kimojawapo kati ya vitu.

Halafu nikamwambia afikirie plau shambani. Plau inakata udongo. Inavutwa na nini? Mnyororo. Pete ya mwisho inavutwa na pete inayofuata, na hiyo na nyingine, hadi kwenye nira. Hakuna pete yenye nguvu yake yenyewe, kila moja imeazima. Sasa ondoa maksai, halafu urefushe mnyororo. Ufike Maswa. Ufike Meatu. Uwe hauna mwisho kabisa! Plau itasogea? Haitasogea hata inchi, kwa sababu kuongeza waazimaji hakuleti mwenye mali.

Hapo wengi humwelewa vibaya Mtakatifu Thomas. Wanadhani anauliza nani alisukuma ulimwengu zamani sana, halafu akaondoka. Hapana. Yeye alisema wazi kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo tunalishika kwa imani. Anachouliza ni cha sasa hivi, wakati plau inatembea. Hata maksai wanaazima: majani, maji, hewa, jua. Mimi na wewe tunaazima kuwepo kwetu dakika hii. Lazima awepo asiyeazima.

"Hapo sijamfikia Yesu," akasema kijana. Kweli kabisa, na nilifurahi ameliona. Hoja hii haikupi Utatu wala Msalaba. Hayo tunayapokea kwa ushuhuda, na kupokea ushuhuda si ujinga. Mtakatifu Augustino alikumbusha kwamba hata wazazi wetu tunawajua kwa kuwaamini waliotuambia. Kazi ni kumpima shahidi. Mganga alilipwa, akataja jina, na hakuna aliyeruhusiwa kukagua njia aliyopita. Mitume walisema mbele ya watu waliokuwa tayari kuwapinga, na malipo yao yalikuwa fimbo na gereza. Hoja ya plau nayo unaweza kuikagua pete kwa pete, na ukiona iliyooza, useme.

Akasema. "Basi kama yupo, siku ile bibi anakimbizwa usiku alikuwa wapi?"

Sikumjibu haraka. Nilimfungulia Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la pili, kifungu cha tatu, mahali penye zile njia tano. Kabla ya kuandika hata njia moja, Thomas ameweka pingamizi la wanaosema Mungu hayupo, na la kwanza kabisa ni hilohilo la uovu. Kijana akalisoma mara mbili, akaomba aende na kitabu nyumbani. Amekaa nacho wiki ya tatu sasa. Akikirudisha tutalichukua swali lake kwenye somo lijalo.