SOMO LA UFUNDI: KUFUNGA TAA NA CHAJA KWENYE PIKIPIKI YA SAFARI



Msimu wa tumbaku ukifika, viwanda vya Kanengo huwa na kazi nyingi, na zamu hutoka usiku. Wenzetu wanaokaa Chinsapo hurudi kwa miguu, kwa basi dogo, au kwa pikipiki za kukodi ambazo hapa Malawi huitwa kabaza. Msimu ukiisha, na mikataba ya muda ikaisha nayo, baadhi yetu hugeuka kuwa waendeshaji wa kabaza hizohizo. Hubeba abiria na mizigo toka Lilongwe, kupita Kanengo na Lumbadzi, hadi kambi ya Dzaleka wilayani Dowa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 40 kwa upande mmoja. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu serikali ilipowaagiza wakimbizi wa mijini warudi kambini mwaka 2023, wako walioacha jamaa na wateja Lilongwe, na pikipiki ndiyo inayowaunganisha.

Kwa safari ya namna hiyo mtu hutaka vitu viwili. Kwanza ni taa za ziada, maana taa ya kiwandani ya pikipiki ndogo haionyeshi shimo wala mtembea kwa miguu mapema. Pili ni chaja ya simu, kwa sababu simu ndiyo mteja anayopigia na ndiyo inayopokea malipo ya Airtel Money au Mpamba. Vitu hivi ni halali na vina faida. Lakini vikifungwa vibaya huunguza waya, na waya hupita chini ya tangi la petroli. Pikipiki ikiungua, deni lake haliungui. Kwa hiyo tujifunze kazi hii hatua kwa hatua.

1. HESABU KABLA YA WAYA

Umeme wa pikipiki hutoka kwenye koili za chaji zilizo ndani ya injini. Hupita katika kifaa cha kuugeuza na kuudhibiti, kisha huingia kwenye betri ya volti 12. Koili hizo zina kipimo chake. Ukitumia umeme mwingi kuliko unaotengenezwa, upungufu hutoka kwenye betri, nayo mwisho hukauka. Ni sawa na mshahara: ukitumia zaidi ya unachopata, akiba huisha.

Hesabu ni moja tu, nayo yafaa kila mtu aishike kichwani:

Wati ÷ Volti = Ampea

Tuchukue mfano. Mwenzetu anataka kufunga taa mbili za LED za wati 18 kila moja. Jumla ni wati 36. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3. Chaja ya simu, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, huchukua kama ampea 1. Jumla ya mzigo wote ni ampea 4.

Sasa mwenzetu mwingine ameuziwa sokoni taa mbili za gari za wati 55 kila moja. Jumla ni wati 110, yaani zaidi ya ampea 9. Pikipiki ndogo ya cc 125 haina ziada ya umeme kama huo. Taa zitang'aa siku chache, halafu betri itakufa, na yeye atasema betri ilikuwa mbovu. Betri haikuwa mbovu. Hesabu ndiyo haikufanywa.

Tukumbuke pia kwamba betri nyingi za pikipiki ndogo ni za ampea-saa 5 hadi 9. Betri ya ampea-saa 5, ikibeba mzigo wa ampea 4 huku injini imezimwa, kwa hesabu ya karatasini itamaliza saa moja na robo. Kwa kweli hata kabla ya hapo itashindwa kuwasha injini. Usiwashe taa hizi ukiwa umeegesha unamsubiri abiria.

2. KAZI YA FYUZI

Wengi hudhani fyuzi inalinda taa. Sivyo. Fyuzi inalinda waya. Waya ukikwaruzwa na kugusa chuma, umeme wote wa betri hupita humo mara moja. Huko ndiko kupiga shoti. Bila fyuzi, waya huwa mwekundu kama wa jiko la umeme, na mpira wake huwaka. Fyuzi ikiwapo, hukatika yenyewe kabla waya haujaungua.

Kanuni ni tatu:

(a) Fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya betri, isizidi sentimita 20. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, hivyo kiwe kifupi.

(b) Kipimo cha fyuzi kizidi mzigo kidogo tu. Mzigo wetu ni ampea 4. Fyuzi yetu ni ya ampea 5.

(c) Kila waya uweze kubeba zaidi ya kipimo cha fyuzi. Kwa mzigo huu, waya mkuu uwe wa milimita mraba 1.5, na matawi ya kwenda kwenye taa na chaja yawe ya milimita mraba 0.75. Waya mwembamba wa redio au wa spika haufai.

Mwandishi wa somo hili alijifunza jambo hili kwa hasara. Usiku mmoja fyuzi ilikatika njiani, nami nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili nifike nyumbani. Nilifika nusu ya njia. Moshi ulitoka chini ya kiti, nikaruka na kung'oa waya wa betri kwa mkono, nikaungua vidole viwili. Waya zote za upande ule zilikuwa zimeyeyuka na kushikana. Chanzo kilikuwa tundu dogo lililokwaruzwa na fremu, ambalo fyuzi ilikuwa imejaribu kunionyesha. Fyuzi inapokatika inatoa taarifa. Tafuta sababu, usiizibe mdomo. Na beba fyuzi za akiba mbili za kipimo kilekile.

3. KAZI YA RELEI

Relei ni swichi inayovutwa na sumaku. Umeme mdogo sana wa kutoka kwenye swichi ya ufunguo huivuta, nayo hufungulia njia umeme mkubwa utokao moja kwa moja kwenye betri. Faida zake ni mbili: waya za kiwandani hazibebi mzigo mpya, na ufunguo ukitolewa kila kitu huzimika.

Relei ya kawaida ina miguu yenye namba, nayo huunganishwa hivi:

Mguu 30: kutoka ncha chanya ya betri, kupitia fyuzi.
Mguu 87: kwenda kwenye taa na chaja.
Mguu 86: kutoka waya unaopata umeme ufunguo unapowashwa.
Mguu 85: kwenda ncha hasi.

Ikiwa relei yako ina mguu wa tano ulioandikwa 87a, uache bila kitu na uufunike.

Waya wa mguu 86 utafutwe kwa taa ya kupimia. Ufunguo ukiwa umezimwa, taa ya kupimia isiwake. Ukiwashwa, iwake hata kama injini haizunguki. Katika pikipiki nyingi waya huo ni mweusi, wa betri ni mwekundu na wa hasi ni wa kijani. Lakini kampuni hutofautiana, na pikipiki yako huenda imekwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu. Usiamini rangi, amini kipimo.

Onyo moja: usichukue umeme kwenye waya wa taa kubwa ya mbele kabla ya kupima. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hulishwa na koili bila kupitia betri, ndiyo maana huwaka tu injini ikizunguka. Umeme huo ni mkondo geu, hupanda na kushuka pamoja na injini, nao huua chaja ya simu.

4. HATUA ZA KAZI

Hatua ya kwanza. Egesha pikipiki mahali penye hewa, injini ikiwa baridi. Galoni ya petroli iondolewe kabisa. Wakati wa uhaba wa mafuta, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2024, wengi walizoea kuweka petroli ya akiba karibu na pikipiki. Cheche moja inatosha.

Hatua ya pili. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Ukianza na chanya, na spana ikagusa fremu, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

Hatua ya tatu. Funga taa, swichi yake kwenye usukani, chaja na relei mahali pake kabla ya kukata waya wowote. Relei ikae chini ya kiti, miguu ikitazama chini ili maji yasituame humo.

Hatua ya nne. Pitisha waya. Zikae mbali na ekzosi na silinda. Zisipite kwenye ukingo mkali wa chuma bila kuvikwa mpira. Hapo penye shingo ya usukani acha waya wa ziada, kisha geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia. Waya ukivutika hata kidogo, utakatika baada ya miezi michache. Zifunge kwenye fremu kila sentimita 15 hivi.

Hatua ya tano. Unganisha. Kusokota waya kwa vidole na kuzungusha tepu hakutoshi, kwa sababu barabara ya vumbi hutikisa na mvua za Novemba hadi Aprili huingia. Bana vichwa vya waya kwa koleo lake, kisha vuta kwa nguvu kuhakikisha. Juu yake vika mpira unaosinyaa kwa joto. Ukilehemu, funga kiungo kwenye fremu kisicheze, maana risasi hukakamaza waya nao hukatikia pembeni.

Hatua ya sita. Waya za hasi za taa, chaja na relei zikusanywe pamoja na kurudi kwenye ncha hasi ya betri. Usizifunge kwenye bolti yenye rangi au kutu. Taa nyingi "zilizokufa" hazijafa, zimekosa hasi.

5. JARIBIO KABLA YA FYUZI

Jaribio hili ni rahisi, nalo limeokoa pikipiki nyingi. Usiweke fyuzi bado. Chomoa taa na chaja. Mahali pa fyuzi unganisha balbu ya indiketa ya volti 12, kisha rudisha hasi ya betri. Balbu isiwake. Washa ufunguo, relei itasikika ikigonga. Washa swichi ya taa za ziada. Balbu bado isiwake. Ikiwaka, kuna shoti katika waya zako, na balbu imebeba umeme ambao ungeunguza waya. Itafute shoti hiyo ukiwa umetulia.

Balbu ikikaa kimya, zima, weka fyuzi ya ampea 5, rudisha taa na chaja, kisha washa injini. Pima betri kwa mita katika mwendo wa kawaida wa injini. Bila vifaa vipya, isome kama volti 13.5 hadi 14.5. Ukiwasha kila kitu, isishuke chini ya 13. Ikishuka mpaka 12.5 na kuendelea kushuka, mzigo umezidi, punguza taa.

Mwisho, elekeza taa chini kidogo. Taa inayompofusha dereva wa lori anayekuja mbele yako haikulindi wewe.

6. PIKIPIKI IKIWA YA MWAJIRI

Wasimamizi, wajumbe na walinzi wa mashamba hupewa pikipiki za kazi. Hizo usizifunge kitu wewe mwenyewe. Ikitokea moto, mwajiri atasema waya ni zako na hasara ni yako. Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997 ya Malawi inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake kazini kadiri inavyowezekana. Ikiwa unatumwa usiku na taa haitoshi, andika taarifa yenye tarehe na hitilafu, mpe msimamizi, baki na nakala, na mjulishe mwakilishi wa tawi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahusu ajali zitokanazo na kazi. Siku ya ajali nakala hiyo itazungumza kwa niaba yako.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Taa tatu za LED za wati 12 kila moja na chaja ya ampea 1 zinahitaji ampea ngapi? Utaweka fyuzi gani?
2. Kwa nini waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho?
3. Fyuzi imekatika mara mbili kwa wiki moja. Mwenzako anakushauri uweke ya ampea 20. Utamjibu nini?
4. Ni pikipiki ngapi za kazi mahali penu zinatembea usiku bila taa ya kutosha? Nani ameandika taarifa?