LELE YA NGOMA: JINSI YA KUTAYARISHA TARAKILISHI KWA MRADI WA ARDUINO

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Leo sitakufundisha ngoma yenyewe, yaani kuandika programu. Nataka tujifunze ile lele: jinsi ya kutayarisha tarakilishi ili tuiandikie programu bodi ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Wengi wetu, maonyesho ya sayansi yanapokaribia, hukimbilia nyaya na taa, kisha siku ya siku mtambo unanyamaza jii! Isitoshe, wapo wanaodai kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Haya basi, tuone.

Kifaa chenyewe

Nitatumia bodi ya Arduino Uno, kwa kuwa ndiyo wengi wetu huanza nayo. Arduino ilianzishwa mwaka wa 2005 mjini Ivrea, Italia, ili wanafunzi wapate bodi rahisi na ya bei nafuu. Moyo wa Uno ni kidhibiti kiitwacho ATmega328P. Kina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu, na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Tarakilishi yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu inakizidi zaidi ya mara milioni 2!

Sasa wewe utauliza: kitu kidogo hivi kitaandikiwa programu vipi? Jibu ni kwamba kazi yote hufanyika kwenye tarakilishi. Ni kama fundi cherehani anayeshona kaptura ya mtoto: cherehani ni ya fundi, lakini kipimo ni cha mtoto. Kwa hivyo fundi wetu anahitaji vitu vinne: mahali pa kuandikia, kompaila, yaani mtafsiri wa kugeuza maandishi yetu yawe lugha ya kidhibiti, programu ya kupakia tafsiri hiyo kwenye bodi, na draiva, ambayo huiwezesha tarakilishi kuzungumza na bodi.

Hatua za kufuata

1. Sakinisha programu ya Arduino. Inapatikana bure katika tovuti rasmi ya Arduino, kwa Windows, Linux na Mac. Hakikisha pia umepakua kifurushi cha bodi za AVR, maana ndicho chenye kompaila na kipakizi. Fanya hivyo ukiwa bado penye intaneti. Ukishafika kijijini bila mtandao, utajuta.

2. Chagua waya wa USB unaofaa. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Waya nyingine ni za kuchaji simu tu. Zina njia za umeme lakini hazina njia za data. Taa ya bodi itawaka vizuri, nawe utadhani mambo ni sawa, kumbe tarakilishi haioni kitu. Kama bodi haionekani, badilisha waya kwanza kabla ya kulaumu bodi.

3. Angalia draiva. Bodi nyingi za bei ya chini hutumia kipande kiitwacho CH340 kuunganisha USB. Baadhi ya tarakilishi za Windows huhitaji draiva yake isakinishwe kando. Katika Linux draiva huwa tayari ipo, ila mara nyingi mtumiaji lazima aongezwe katika kundi linaloitwa dialout ndipo aruhusiwe kupakia.

4. Chagua bodi na mlango. Katika menyu, teua Arduino Uno, kisha mlango, kwa mfano COM3 katika Windows au ttyUSB0 katika Linux. Huujui mlango wako? Chomoa waya, tazama ni jina gani limetoweka, kisha uchomeke tena. Lile lililorudi ndilo lenyewe.

5. Fanya jaribio. Fungua mfano uitwao Blink na uupakie. Taa iliyounganishwa na pini ya 13 itawaka sekunde moja na kuzima sekunde moja. Lakini ngoja, usishangilie bado! Bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na Blink tayari. Badilisha 1000 iwe 200 mahali pote pawili, kisha upakie tena. Taa ikianza kumetameta upesi, hapo ndipo utakapojua kwa hakika kwamba programu yako imefika.

6. Andika kila kitu daftarini. Andika toleo la programu ya Arduino, maktaba ulizoongeza na matoleo yake, na jina la bodi. Weka nakala ya kazi kwenye flashi. Kumbuka kwamba faili ya programu na folda yake lazima ziwe na jina moja.

Ndugu msomaji, usiidharau hatua hii ya sita. Nalijua kundi moja lililotengeneza mtambo mzuri wa kunyunyizia kitalu cha sukuma wiki maji. Kazi yote ilikuwa kwenye tarakilishi moja, ambayo iliharibika siku mbili kabla ya maonyesho. Tarakilishi nyingine ilikuwepo, lakini hakuna aliyekumbuka ni maktaba ipi ya kihisi cha unyevu iliyotumika. Wanafunzi wanne walisimama mbele ya waamuzi wakieleza mtambo usiofanya kazi. Daftari la shilingi chache lingewaokoa.

Kwa hivyo, mtu akikuambia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, mpe ukurasa huu na bodi moja, umwache afuate hatua. Taa ikimetameta, mabishano yamekwisha.

Zoezi

(a) Kwa nini kompaila hukaa kwenye tarakilishi wala si kwenye bodi?
(b) Utaandika nambari gani badala ya 1000 ili taa iwake mara 5 kwa sekunde?
(c) Taa ya bodi inawaka lakini hakuna mlango unaoonekana. Taja mambo mawili utakayochunguza.