Imani ya Mwajiri, Bima ya Mwajiriwa

*Nchini Marekani, mwajiri ndiye anayewapatia wafanyakazi wengi bima ya afya. Itakuwaje basi pale dini ya mwajiri inapokataza tiba ambayo sheria inataka bima hiyo ilipie? Mabishano hayo yamefika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo zaidi ya mara moja, na yanawahusu pia wasomaji wetu walioajiriwa huko. Mchambuzi wetu wa sheria za kazi na bima anajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara.*

Kwanza kabisa, mwajiri ameingiaje katika matibabu yangu?

Aliingizwa na vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande ili kupunguza mfumuko wa bei. Viwanda vilikuwa na uhaba wa watu na havikuweza kuwavutia kwa nyongeza ya mshahara, ila bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara. Wenye viwanda wakaanza kuitoa kama kivutio. Baadaye sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba fedha anazolipa mwajiri kwa ajili ya bima ya mfanyakazi hazikatwi kodi ya mapato, na tangu hapo mtindo huo ukaota mizizi.

Sheria ya afya ya mwaka 2010, ile wanayoiita Obamacare, haikuuvunja mfumo huo. Iliuimarisha: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote anatakiwa awape bima inayofaa, la sivyo huenda akatozwa faini. Katika nchi ambazo bima ni ya mfuko wa taifa, hakuna anayejali bosi anasali wapi. Marekani jambo hilo lina uzito kwa sababu bima inapitia mezani kwa bosi.

Ugomvi wenyewe ulianzia wapi?

Ulianzia kwenye uzazi wa mpango. Sheria ya 2010 ilisema huduma za kinga zitolewe bila mgonjwa kuchangia chochote dirishani. Mwaka 2011 wizara ya afya ikaorodhesha huduma za kinga kwa wanawake, na ndani yake zikawamo njia zote za kuzuia mimba zilizoidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo: vidonge, sindano, kijiti, kitanzi na vidonge vya dharura.

Makanisa na nyumba nyingine za ibada zilisamehewa tangu mwanzo. Hospitali, vyuo na mashirika ya hisani yenye msingi wa dini yaliwekewa utaratibu wa pembeni ambao nitaueleza. Kampuni za biashara hazikupata msamaha wowote, nazo ndizo zilizokwenda mahakamani.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Hobby Lobby. Ilihusu nini hasa?

Hobby Lobby ni maduka ya vifaa vya sanaa na mapambo, yenye makao Oklahoma City. Wenye mali ni familia ya Green, Wakristo wa kiinjili ambao hufunga maduka yao yote siku ya Jumapili. Wakati wa kesi walikuwa na maduka kama 500 na wafanyakazi zaidi ya 13,000. Kesi yao iliunganishwa na ya familia ya Hahn, Wamenoni wa Pennsylvania wenye kampuni ya kutengeneza mbao za makabati, Conestoga Wood Specialties.

Watu wengi hudhani familia ya Green ilikataa uzazi wa mpango wote. Sivyo. Walikubali kulipia njia nyingi na kukataa nne tu: aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za kitanzi. Hoja yao ilikuwa kwamba njia hizo zinaweza kuzuia yai lililokwisha kurutubishwa lisijipachike katika mji wa mimba, na kwa imani yao uhai umeshaanza hapo. Madaktari wengi waliipinga hoja hiyo, hasa kuhusu vidonge vya dharura, ambavyo kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai lisitoke. Lakini mahakama haikupima sayansi ya imani. Ilitazama tu kama imani ni ya kweli moyoni mwa anayeidai, na upande wa serikali haukubisha kwamba familia hizo zinaamini kwa dhati.

Fedha nazo hazikuwa ndogo. Kampuni inayotoa bima yenye pengo hutozwa dola 100 kwa siku kwa kila mtu aliyeathirika. Kwa Hobby Lobby hesabu hiyo ilifika kama dola milioni 475 kwa mwaka.

Kampuni inaweza kuwa na dini?

Hapo ndipo penye utata. Mwaka 1993 Kongresi ilipitisha sheria ya kurejesha uhuru wa dini. Ilitokana na kesi ya Oregon, ambako wafuasi wawili wa kanisa la wenyeji wa asili wa Marekani walifukuzwa kazi kwa kutumia mmea wa peyote katika ibada, kisha wakanyimwa malipo ya kukosa ajira. Mahakama ya Juu ilipokataa kuwatetea mwaka 1990, Kongresi ilikasirika. Sheria iliyofuata ikasema serikali isimlemee mtu katika dini yake isipokuwa kwa sababu nzito sana, na hata hapo itumie njia inayombana kwa uchache kuliko zote.

Swali likawa: je, neno “mtu” katika sheria ile linaichukua na kampuni? Tarehe 30 Juni 2014, katika hukumu ya majaji watano dhidi ya wanne, mahakama ilisema ndiyo, angalau kwa kampuni zinazomilikiwa na watu wachache kama familia moja. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba kuilinda kampuni ya namna hiyo ni kuwalinda binadamu walio nyuma yake.

Kisha akatoa hoja iliyoamua kesi. Hata kama serikali ina sababu nzito ya kuwafikishia wanawake huduma hizi, ilikuwa na njia nyepesi zaidi. Ingeweza kulipa yenyewe, au kuwawekea wafanyabiashara utaratibu ule ule ilioyapa mashirika ya dini: mwajiri anatoa taarifa kwamba dhamiri yake inamkataza, na kampuni ya bima inamlipia mfanyakazi moja kwa moja bila kumgusa mwajiri.

Waliopinga walisemaje?

Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwa ukali. Alikumbusha kwamba gharama ya kuwekewa kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini, kwa hiyo kuondoa kipengele hicho katika bima ni kumfungia mwanamke mlango.

Akauliza pia mstari utachorwa wapi. Shahidi wa Yehova mwenye kampuni atakataa kulipia kuongezewa damu? Mwajiri Mwislamu, Myahudi au Mhindu atakataa dawa zenye asili ya nguruwe? Msomaji anayekagua maandishi ya vidonge kabla ya kuvimeza anajua swali hili si la kubuni: ganda laini la dawa nyingi ni jelatini, na jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe. Alito alijibu kwamba hukumu yake inahusu uzazi wa mpango tu, na madai mengine yatapimwa moja moja.

Wapinzani walikuwa na kesi ya zamani ya kujivunia. Mkulima na seremala wa jamii ya Waamishi alikataa kulipa mchango wa hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wake, kwa kuwa dini yake inawataka waumini watunzane wenyewe. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilimkatalia bila jaji hata mmoja kupinga. Ilisema anayeingia katika biashara kwa hiari yake hawezi kuwabebesha wafanyakazi wake mipaka ya dhamiri yake.

Kama palikuwa na utaratibu wa pembeni, kwa nini kesi hazikuisha?

Kwa sababu ya fomu. Masista wanaojulikana kama Little Sisters of the Poor, shirika la Kikatoliki lililoanzia Ufaransa na linalolea wazee maskini, walitakiwa kutoa taarifa kwa maandishi kwamba hawatalipia vidhibiti mimba. Walikataa. Kwao, kutia saini ni sawa na kumpa ruhusa mtu mwingine atende dhambi kwa jina lao. Wengi waliona hoja hiyo kuwa nyembamba mno, lakini maadili ya Kikatoliki yana mjadala mrefu kuhusu kushiriki katika kosa la mwingine, na masista hawakuutunga siku hiyo.

Mwaka 2016 Mahakama ya Juu, ikiwa na majaji wanane baada ya kifo cha Jaji Antonin Scalia, ilizirudisha kesi hizo chini na kuzitaka pande zote zitafute maafikiano. Mwaka 2017 serikali ya Trump ikatoa kanuni mpya zilizopanua msamaha: waajiri wenye pingamizi la kidini wakaachwa huru, na utaratibu wa pembeni ukawa wa hiari. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema, kwa majaji saba dhidi ya wawili, kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kutoa misamaha hiyo.

Tazama mabadiliko hayo. Mwaka 2014 mwajiri alishinda kwa hoja kwamba mfanyakazi atapata huduma yake kwa njia nyingine. Miaka sita baadaye njia ile nyingine haikuwa lazima tena, na ushindi wa mwajiri ukabaki.

Lakini fedha si za mwajiri? Kwa nini alazimishwe kulipia asichokiamini?

Ndiyo hoja ya msingi, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Hakuna anayependa kulazimishwa kugharimia anachokiona kuwa dhambi.

Hata hivyo, bima ya kazini ni sehemu ya ujira. Mwajiri anapopanga bajeti huweka mshahara na bima katika fungu moja la gharama za mfanyakazi, na bima ikipanda, nyongeza ya mshahara hupungua. Zaidi ya hapo, mfanyakazi mwenyewe hukatwa mchango kila anapolipwa. Mwajiri hawezi kumzuia karani wake asinunue vidonge kwa mshahara wake. Kwa nini basi aweze kumzuia kwa sehemu ile ya ujira inayolipwa kwa njia ya bima?

Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko katika kumkabidhi mwajiri bima. Mfumo wa namna hiyo hugonganisha dhamiri mbili, ya anayelipa na ya anayetibiwa, na mahakama haiwezi kuipa moja ushindi bila kuiumiza nyingine.

Suala limebaki kwenye uzazi wa mpango tu?

Hapana. Mwaka 2022 jaji mmoja wa Texas aliamua kwamba kampuni ya Braidwood Management isilazimishwe kulipia PrEP, dawa za kujikinga na VVU, kwa sababu mwenye kampuni alidai zinamfanya ashiriki katika mwenendo unaokatazwa na dini yake. Sehemu nyingine ya kesi hiyo, kuhusu uteuzi wa jopo linalopendekeza huduma za kinga, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2025 serikali ikashinda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Orodha ya huduma za kinga ikasalimika. Msamaha wa kidini wa Braidwood haukuguswa.

Nafanya kazi Marekani. Nitajuaje bima yangu ina pengo?

Omba muhtasari wa mafao, waraka mfupi ambao kila mpango wa bima unatakiwa kuutoa. Soma sehemu ya visivyolipiwa. Usipoelewa, piga simu kwa nambari iliyo nyuma ya kadi ya bima na utaje huduma unayoitaka kwa jina. Una haki ya kuomba mkalimani.

Uliza pia kama mwajiri anajilipia mwenyewe gharama za matibabu au amenunua bima kwa kampuni. Swali hili wengi hulisahau. Majimbo mengi yana sheria zao kuhusu uzazi wa mpango, lakini sheria ya shirikisho ya 1974 huyaondolea majimbo nguvu juu ya mipango ambayo mwajiri anajilipia, na zaidi ya nusu ya wenye bima za kazini wamo humo.

Ukikuta pengo, zipo kliniki za uzazi wa mpango zinazopata ruzuku ya serikali na kutoza kulingana na kipato. Kidonge cha kila siku kiitwacho Opill kiliidhinishwa mwaka 2023 kuuzwa bila cheti cha daktari. Usikimbilie kuikataa bima ya kazini ukidhani utapata nyingine kwa bei ya punguzo katika soko la serikali. Kama ile ya mwajiri inahesabika kuwa nafuu na inayotosha, kwa kawaida hupati punguzo hilo.

Jambo hili laweza kutokea Tanzania au Kenya?

Kwa sura hiyo hiyo, si rahisi. Mtumishi wa umma wa Tanzania huchangiwa asilimia 6 ya mshahara katika NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, nusu kutoka kwake na nusu kwa mwajiri, na mfuko ndio unaopanga mafao. Kenya, mfuko wa bima ya afya ya jamii, SHIF, hukata asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024, na mwajiri hana kauli juu ya kitakacholipiwa.

Kwetu swali linahamia kwa mtoa huduma. Hospitali nyingi za Tanzania ni za mashirika ya dini, na baadhi ni hospitali teule za wilaya kwa makubaliano na serikali. Kanisa Katoliki halikubali vidhibiti mimba vya kisasa, kwa hiyo mama mwenye kadi halali anaweza kuelekezwa kituo kingine. Tofauti ni kwamba huduma hiyo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kituo cha serikali kikiwa karibu na kina dawa, dhamiri ya hospitali haimgharimu mama chochote zaidi ya nauli. Kikiwa mbali, au dawa zimeisha, anakuwa katika hali ile ile ya mfanyakazi wa Oklahoma. Kwa hiyo anayetaka kulinda uhuru wa dini wa hospitali hizo ana wajibu wa kudai kwa nguvu ile ile kwamba zahanati ya serikali isikose dawa.