Una MS na Unataka Mtoto? Panga Miezi ya Baada ya Kujifungua

Ukiwa na maltipo sklerosisi, yaani MS, huenda umeonywa kuwa mimba itakulemaza. Ondoa hofu hiyo. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1998, Christian Confavreux wa Ufaransa na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 254 wenye MS wa nchi 12 za Ulaya: mimba ilipokua ugonjwa ulitulia, hasa miezi 3 ya mwisho. Uliamka zaidi katika miezi 3 baada ya kujifungua, kisha ukarudi ulivyokuwa. Hata hapo, karibu wanawake 7 kati ya 10 haukuwaamkia. Basi hiyo miezi 3 baada ya kujifungua ndiyo ya kupangiwa.

Kabla ya mimba. Mwone daktari wa neva, kwa mfano katika Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi, ukiwa bado unatumia uzazi wa mpango. Dawa za MS kama teriflunomaidi, fingolimodi na kladribini hazifai kwa mimba. Baadhi hukaa mwilini muda mrefu. Usiziache mwenyewe, kwani fingolimodi ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali.

Ukiwa mjamzito. Anza kliniki mapema, umwombe muuguzi aandike MS kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mkojo ukiuma au homa ikipanda, nenda siku hiyo hiyo. Maambukizi huzidisha dalili. Joto pia huzizidisha kwa muda, kwa hiyo nyumba ya mabati ikipata joto mchana, kaa kivulini, unywe maji, ujipanguse kwa kitambaa kibichi.

Kujifungua. MS peke yake si sababu ya upasuaji. Sindano ya ganzi ya mgongoni pia inaruhusiwa.

Miezi 3 ya kwanza baada ya kujifungua. Hapa kwetu Kawangware, Nairobi, mzigo mkubwa ni maji, nguo na ngazi. Kabla ya mwezi wa 9 wa mimba, keti na mumeo, mama au dada zako mgawane kazi kwa majina: nani atabeba mitungi, nani atafua, nani atampakata mtoto usiku ili ulale. Ukiwa kwenye chama, omba zamu yako ya kupokea pesa iangukie miezi hiyo, upate ya kumlipa wa kufua. Wageni waje na chakula, wasingoje kupikiwa.

Nyonyesha ukiweza, lakini muulize daktari kwanza ni dawa gani unayoweza kurudia ukinyonyesha, na lini.

Usingoje kliniki ijayo jicho likiuma na kuona ukungu, mguu ukilegea au ganzi ikipanda, na hali ikidumu zaidi ya saa 24 bila homa. Huenda ugonjwa umeamka, na dawa ya kuutuliza ipo. Mwambie pia jirani unayemwamini dalili hizi, maana mama wa mtoto mchanga hudhani kila udhaifu ni uchovu wa uzazi.