Vijiko vya Fedha Vilivyotoka Kwenye Barafu

Watu wa Itumbe huijua barafu ya mvua ya mawe, ipigayo mashamba kisha ikayeyuka. Lakini kaskazini ya Kanada iko bahari igandayo hata mtu akatembea juu yake.

Mwezi wa Mei, 1845, Sir John Franklin aliondoka Uingereza na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia katika bahari hiyo. Watu 129 waliingia katika barafu. Hakurudi hata mmoja.

Mwaka 1854 daktari Mskoti, John Rae, alinunua kwa Wainuit, wenyeji wa nchi ile, vijiko na uma za fedha zenye alama za mabwana wa merikebu hizo. Wenyeji walimweleza kwamba wageni walikufa kwa njaa, na wengine walikula nyama ya wenzao. Huko London watu walikasirika. Mwandishi mashuhuri Charles Dickens alisema maneno ya wenyeji hayaaminiki. Hivyo vijiko vilisadikiwa, lakini waliovileta hawakusadikiwa.

Katika miaka ya 1990 mifupa ilichunguzwa, ikaonekana ina alama za visu. Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014, katika sehemu iliyotajwa na masimulizi ya wazee wa Kiinuit. Na Terror mwaka 2016, baada ya Muinuit mmoja kuwaelekeza watafutaji.

Kijiko hakina ulimi. Anayejua kilipookotwa ni mwenyeji, naye hana budi kusikilizwa.