Mashimo Yanayolinda Mlima

Kusini mwa Tanzania, katika wilaya ya Mbinga, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, iko nchi ya milima wakaayo Wamatengo. Miteremko yake ni mikali, na mvua ni nyingi. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaendelea hata Aprili au Mei. Mgeni akiitazama nchi hiyo hudhani kwamba mvua itauchukua udongo wote mpaka mtoni. Lakini watu wamelima pale zaidi ya miaka 100, na udongo ungalipo. Je, sababu yake ni nini?

Sababu ni mashimo. Ukiutazama ubavu wa mlima kwa mbali, utayaona mashimo mengi yamepangwa safu safu, kama vyumba vya sega la nyuki. Shimo moja lina upana wa kadiri ya mita 1.5, nalo limezungukwa na matuta pande zote nne. Wenyeji huliita ngolo.

Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 Wangoni waliwashambulia Wamatengo, nao wakakimbilia milimani. Huko mahali pa kulima palikuwa haba, tena pa mteremko. Basi ikawapasa kutafuta njia ya kupata chakula pasipo kuuharibu mlima.

Kazi huanza mwezi wa Machi, mvua ikaribiapo kwisha. Wanaume hufyeka majani marefu, wakayaacha yakauke. Kisha huyapanga chini kwa mistari, mingine ikishuka na mingine ikikingama, hata shamba lote likawa miraba. Ndipo wanawake huja na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo huo. Hivyo katikati huwa shimo, na majani huzikwa ndani ya matuta, yakaoza na kuwa mbolea. Juu ya matuta hayo hupandwa maharagwe.

Maharagwe yakiisha kuvunwa, hungojwa mvua za mwisho wa mwaka, ndipo mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu hutupwa mashimoni yaoze. Mahindi yakivunwa, shamba hupumzika mpaka Machi, majani yakiota tena. Kisha mashimo mapya huchimbwa, wala si mahali pa yale ya zamani.

Mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Kila shimo huyashika. Mengine huzama ardhini, na udongo uliochukuliwa na maji hutua chini ya shimo. Hivyo udongo haupotei, bali huhama hatua moja tu.

Mwaka 1938, A. H. Pike aliandika habari za kilimo hiki katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Huko Uluguru mambo yalikuwa mengine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi wasiyoyataka, na mwaka 1955 pakatokea ghasia, kazi ile ikaachwa. Watu huitunza kwa moyo kazi waliyoibuni wenyewe, wakaiona faida yake.

Lakini ngolo nazo zina adui. Kuchimba ni kazi nzito, na sehemu kubwa huwaangukia wanawake. Vijana wengine huenda mjini. Shamba likigawanywa kwa watoto wengi, nafasi ya kulipumzisha hupungua. Msitu waweza kuhifadhiwa kwa kuwazuia watu wasiuguse. Mlima huu hauhifadhiwi hivyo. Hulindwa kwa jembe. Wachimbaji wakiacha kazi, mashimo hujaa, matuta hubomoka, na maji hupata njia yake. Tena ujuzi huu haukuanzia kitabuni: mtoto huupata kwa kusimama shambani karibu na mama yake. Asiposimama pale, nani atamfundisha mwanawe?

MASWALI
1. Kwa nini majani hupangwa kwanza, kabla ya kuchimba?
2. Udongo uliochukuliwa na mvua huenda wapi katika shamba la ngolo?
3. Mlima huu na msitu huhifadhiwa kwa njia zipi mbalimbali?
4. Waulize wazee wa kwenu: zamani walizuiaje udongo usichukuliwe na maji?