Somo la Usalama: Wadi Ikishuka Maji

Bidbid iko kando ya Wadi Samail, kwenye barabara ya Muscat kwenda Nizwa. Wadi huwa kavu siku nyingi, lakini mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla, hata kama ulipo jua linawaka. Aprili 2024, mafuriko ya Samad al-Shan yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliosombwa wakiwa garini.

Waokoaji wa kujitolea hufundishwa kwanza hili: usije ukawa mtu wa pili wa kuokolewa.

1. Usivuke wadi yenye maji, kwa gari wala kwa miguu. Sheria nayo inakataza.
2. Piga 9999. Taja mahali na idadi ya watu.
3. Aliye majini usimfuate. Mrushie kamba, au dumu tupu lililofungwa kifuniko.
4. Akitolewa hapumui, mlaze chali. Kama umefunzwa, mpulizie pumzi. Kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka ambulensi ifike.

Wafundishe watoto namba hiyo leo. Mafunzo ya huduma ya kwanza yakitangazwa, jiandikishe na jirani yako: ambulensi iko njiani, jirani yuko hapo hapo.